Chema Chajiuza, Kipendacho Moyo ni Dawa: Tofauti za Ladha kuhusu Waimbaji Mashuhuri wa Taarabu ya Mombasa

Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zaelekea kupingana. Ya kwanza yasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yasema kwamba kipendacho moyo ni dawa. Kwa mujibu wa methali ya kwanza, wema wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, na kila mwenye macho na masikio atautambua bila ya kuelekezwa. Kwa mujibu wa methali ya pili, thamani ya kitu hutegemea moyo wa anayekipokea, nao moyo hauna kadhi.

Mkinzano huu hudhihirika zaidi katika mazungumzo kuhusu waimbaji wanaosifiwa na wengi. Ni nadra watu kubishana kwa ukali juu ya mwimbaji asiyejulikana. Huachwa apite zake. Ubishi huzuka pale ambapo umma umekwisha kukubali kwamba mtu fulani ni fundi, kisha akatokea msikilizaji mmoja, tena mwenye akili zake na masikio yake, akasema kuwa yeye nyimbo za fundi huyo hazimwingii. Je, msikilizaji huyo amekosa? Au umma ndio uliokosa? Au hapana aliyekosa?

Makala haya yana nia ya kulieleza suala hilo kwa kutumia mfano mmoja, yaani ulinganisho wa siku nyingi wa waimbaji wawili wa taarabu ya Mombasa, Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Hoja itakayotolewa ni kwamba sehemu kubwa ya ubishi wa aina hii hutokana na watu kuhukumu vitu mbalimbali kwa jina moja. Vitu hivyo vikitenganishwa, hubakia sehemu ndogo ambayo ndiyo ladha halisi. Sehemu hiyo yastahili heshima, lakini haistahili kugeuzwa kuwa sheria. Aidha, itaonyeshwa kwamba jambo hili lawahusu sana wasomi wa lugha na fasihi, kwa kuwa nao wana ladha zao, na ladha zao huamua ni nyimbo zipi zihifadhiwe na zipi ziachwe zipotee.

Waimbaji wawili

Neno taarabu latokana na neno la Kiarabu litajalo hali ya kuguswa na muziki au ushairi mpaka moyo ukajaa furaha au huzuni. Yafaa kulizingatia jambo hilo tangu mwanzo. Jina la sanaa hii halikutokana na ala zake wala na umbo la nyimbo zake. Latokana na yale yanayompata msikilizaji. Kwa hivyo, kuuliza ni mwimbaji gani aliye bora wa taarabu bila ya kuuliza ni bora kwa nani, ni kuliacha jina lenyewe nje ya mjadala.

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwezi wa Aprili 2014, alijulikana kwa taarabu iliyofuata mahadhi ya Kihindi, hususan yale ya nyimbo za filamu. Maneno ya nyimbo zake nyingi yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye wasomaji wa ushairi wamjua kwa diwani yake ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka wa 1971. Basi yale yaliyosikika harusini kwa mahadhi ya sinema yalikuwa ni maneno ya malenga, yaliyotungwa kwa Kimvita na kwa kufuata kanuni za vina na mizani.

Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka wa 2016, alikuwa mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi yake Mombasa. Alikuwa mwimbaji, tena mpigaji udi wa kutajika. Mahadhi yake yalielekea zaidi upande wa Uarabuni na wa ngoma za Lamu, na maneno ya baadhi ya nyimbo zake yalitoka katika hazina ya tungo za kale za Kiamu. Mengine alitungiwa na Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtafiti aliyezaliwa mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017. Sifa zake zilivuka bahari. Mnamo mwaka wa 1990 sahani yake iitwayo Mtindo wa Mombasa ilitolewa Uingereza.

Hawa hawakuwa waimbaji pekee wa kutajika mjini. Maulidi Juma naye alijulikana kwa mahadhi ya Kihindi, na Zuhura Swaleh alipendwa kwa nyimbo zilizochangamshwa na mapigo ya chakacha na mlio wa tashkota, ala yenye asili ya Japani ambayo katika pwani ya Kenya imekuwa kama mzaliwa. Lakini Bhalo na Zein wanafaa zaidi kwa uchambuzi huu kwa sababu wote wawili walikubaliwa kuwa mafundi, wote wawili waliimba tungo za washairi wakubwa, na hata hivyo si rahisi kumpata msikilizaji anayewapenda kwa kiasi kimoja.

Ni kitu gani kinachohukumiwa?

Na tuwachukue kwa mfano wasikilizaji wawili wa kubuni. Wa kwanza asema, "Bhalo ndiye mwimbaji." Wa pili asema, "Mwimbaji ni Zein." Kauli hizi mbili zina muundo mmoja na kiarifa kimoja, na kwa hivyo zaonekana kupingana kama vile "Fulani ndiye mrefu" na "Mrefu ni fulani mwingine" zinavyopingana. Lakini neno mwimbaji halina maana nyembamba kama neno mrefu. Limekusanya ndani yake mambo yasiyopungua manne.

La kwanza ni sauti. Wako wanaosikiliza sauti kwanza, jinsi inavyopanda na kushuka, jinsi inavyotetema, na jinsi mwimbaji anavyoivuta silabi moja akaipamba kabla ya kuiacha. Msikilizaji aliyekua akisikia sauti za Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar katika sinema na redio amekwisha kujifunza mapambo ya aina fulani, na akiyasikia kwa Bhalo huyatambua mara moja. Msikilizaji aliyezoea kasida na nyimbo za Kiarabu huyangojea mapambo mengine.

La pili ni mahadhi pamoja na ala. Udi hauna vigawanyo shingoni mwake. Kidole cha mpigaji chaweza kusimama popote juu ya uzi, hata katikati ya sauti mbili ambazo kinanda cha vibonyezo kimezitenga. Ndiyo sababu mpigaji udi aweza kufuata mifumo ya sauti ya Kiarabu ambayo kinanda hakiwezi kuifuata barabara. Kwa sikio lililoifahamu mifumo hiyo, kukosekana kwake ni upungufu. Kwa sikio lisiloifahamu, sauti hizo za kati zaweza kusikika kama ala iliyokosa kufungwa vizuri. Hapa tofauti ya hukumu ni tofauti ya mafunzo ya sikio, na mafunzo yaweza kuongezwa.

La tatu ni maneno. Katika jamii ya Waswahili, wimbo ni ushairi kabla haujawa muziki, na wako wasikilizaji ambao husamehe mengi katika sauti iwapo maneno yana uzito. Lakini hata hawa hugawanyika. Kiamu cha tungo za kale, chenye mai badala ya maji na moya badala ya moja, pamoja na msamiati ambao baadhi yake haumo tena katika mazungumzo, humpa msikilizaji mmoja utamu wa kurudi kwao na humwacha mwingine mlangoni. Mtu wa Mvita akimsikiliza Ahmad Nassir katika sauti ya Bhalo asikia lugha ya mamaye, mafumbo yake ayajua, na msemwa huenda akamjua pia. Mapenzi yake kwa wimbo huo hayatenganiki na mapenzi yake kwa lahaja yake.

La nne ni shughuli. Wimbo unaofaa harusini, mahali ambapo wanawake huinuka na kumtuza mwimbaji kwa sababu ubeti mmoja umesema yaliyo nyoyoni mwao, si lazima ufae barazani usiku, mahali ambapo watu wachache wameketi kimya wakiusikiliza udi. Anayemhukumu mwimbaji kwa kumbukumbu ya harusi na anayemhukumu kwa kumbukumbu ya baraza wanahukumu kazi mbili, hata kama jina la mwimbaji ni moja.

Ikiwa ndivyo, basi wale wasikilizaji wetu wawili huenda hawapingani kabisa. Wa kwanza anajibu swali la sauti na shughuli. Wa pili anajibu swali la ala na maneno ya kale. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, katika insha yake ya mwaka wa 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alitumia kisa kilichomo katika riwaya ya Cervantes iitwayo Don Quixote ili kueleza hali inayokaribiana na hii. Watu wawili waliitwa waonje mvinyo wa pipa moja. Mmoja alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Mwingine alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomalizwa, chini yake ulikutwa ufunguo uliofungwa kwa kikanda cha ngozi. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na hapana aliyeisema kweli yote.

Hoja ya uigaji

Iko hoja moja ambayo hutolewa kana kwamba yaweza kuukata ubishi huu mara moja. Hoja hiyo ni kwamba taarabu ya mahadhi ya Kihindi ni kuiga, ilhali taarabu ya udi ni ya asili. Aliye upande wa Zein akiitoa hoja hii, huwa ameacha kusema kuhusu ladha yake. Sasa anadai haki ya urithi. Kwa hivyo inafaa hoja yenyewe ipimwe.

Jambo la kwanza ni kwamba udi wenyewe ulikuja na bahari. Hali kadhalika Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka wa 1905, taarabu ilijengwa kwa kutazama Misri, kwa ala na kwa mahadhi. Ikiwa kuazima ni kasoro, basi ni kasoro ya taarabu yote. Kinachotofautisha mahadhi ya Kiarabu na ya Kihindi katika pwani yetu ni umri wa kuyaazima na hadhi ya walikotoka walioazimwa.

Wanaisimu wanalijua jambo hili katika msamiati. Kitabu na sahani ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu; gari na laki yametoka katika lugha za Kihindi. Hapana mhakiki aliyewahi kumshusha mshairi daraja kwa kuwa ametia kina kwa neno gari badala ya neno la asili ya Kiarabu. Maneno hayo yamekwisha kupewa ngeli na viambishi vyake, nayo yatumika kwa sheria za Kiswahili. Lililo halali katika lugha laanzaje kuwa haramu katika wimbo wa lugha hiyo hiyo?

Hata hivyo, ni haki kuipa hoja hii nguvu zake kamili. Mtetezi wake aweza kujibu kwamba kuazima neno si sawa na kuazima sentensi nzima; na kwamba anayechukua mahadhi yote ya wimbo wa filamu ameazima sentensi. Jibu hili lina uzito. Lakini lafaa lipimwe kwa desturi ya ushairi wa Kiswahili yenyewe. Tendi husomwa kwa mahadhi ya kurithiwa, na utendi mpya huweza kusomwa kwa mahadhi ya utendi wa zamani. Hapana anayemwita mtunzi wa utendi mpya mwizi. Katika desturi hiyo, mahadhi ni chombo cha wote, na kazi ya mtunzi huonekana katika maneno anayoyapakia. Tena kupakia maneno katika mahadhi yaliyokwisha kukatwa kwa lugha nyingine si kazi nyepesi. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu na mkazo wa neno huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi hayo yalikatwa kwa lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa konsonanti. Mshairi anayefanikiwa kufanya mkazo wa neno na mkazo wa mahadhi visigombane, huku vina vyake vikikaa mahali pake, ameonyesha ufundi ambao hauonekani upesi kwa sababu umefaulu.

Kwa hivyo hoja ya uigaji haiukati ubishi. Msikilizaji ana haki ya kutopenda mahadhi ya Kihindi. Ana haki pia ya kuyathamini mahadhi ya Lamu kwa kuwa yamekaa na ushairi wa Kiamu muda mrefu mpaka vikalingana kama mtumbwi na kafi. Asichokuwa na haki nacho ni kuugeuza upendeleo huo kuwa hati ya uraia.

Umri, chombo na wakati

Tofauti nyingine za hukumu hutokana na wakati. Hume mwenyewe, baada ya kutafuta kipimo cha ladha kwa bidii, alikiri kwamba kijana wa miaka ishirini, mtu wa arobaini na mtu wa hamsini huvutwa na waandishi mbalimbali, na hakuona sababu ya kumlaumu yeyote kati yao. Lililo kweli kwa vitabu ni kweli kwa nyimbo. Wimbo wa huba uliomkosesha mtu usingizi ujanani huweza kumchosha uzeeni, na wimbo wa wasia alioupita kijana huweza kumrudia siku ya msiba.

Chombo cha kusikilizia nacho kina sehemu yake. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka wa 1928 na kufariki mwaka wa 1950. Waliomsifu katika uhai wake, akiwamo Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake, walizungumza kuhusu mtu aliyewahi kusikika uso kwa uso na hadhira yake. Msikilizaji wa leo humsikia kupitia sahani ya zamani yenye mikwaruzo, bila ya uso, bila ya hadhira, na bila ya kuwajua wale waliokuwa wakisemwa katika nyimbo. Akisema kwamba haoni sababu ya sifa zote zile, huenda anasema kweli kuhusu sahani. Hajasema lolote kuhusu Siti.

Mombasa, kanda za kaseti zilizorekodiwa harusini zilifanya kinyume cha hayo. Zilibeba vigelegele, kelele za watoto na vishindo vya shughuli pamoja na sauti ya mwimbaji. Aliyekuwako hukumbuka, asiyekuwako husikia fujo. Ladha zao zitatofautiana hata wakiwa ndugu wa tumbo moja wanaosikiliza kanda moja.

Kinachobaki

Yote yaliyotajwa hadi hapa yaweza kuelezwa, na kwa kiasi fulani yaweza kupatanishwa. Sikio laweza kufunzwa sauti za kati za udi. Msamiati wa Kiamu waweza kufafanuliwa. Msikilizaji wa barazani aweza kupelekwa harusini. Lakini itafika mahali ambapo watu wawili wenye mafunzo sawa, lahaja moja, umri mmoja na kumbukumbu zinazokaribiana, wakiisha kueleza kila kilicho bora kwa Bhalo na kila kilicho bora kwa Zein, bado mmoja atamchagua huyu na mwingine atamchagua yule. Hapo ndipo methali ya pili inapofaa. Kosa la kawaida ni kuitumia mapema mno, kwani mtu akisema kipendacho moyo ni dawa kabla hajaeleza anachokisikia, huwa ameufunga mjadala ambao ulikuwa bado haujaanza.

Methali ya kwanza nayo yapata maana iliyo wazi zaidi. Chema hujiuza, lakini chahitaji soko lenye watu wanaojua bidhaa. Waimbaji hawa wawili walijiuza, na ushahidi wake ni kwamba hata asiyempenda mmoja wao huweza kueleza kwa nini wengine wanampenda. Uwezo huo wa kueleza ubora wa kitu usichokipenda ndio unaomtenga mhakiki na shabiki.

Wajibu wa mhakiki

Katika miaka ya 1970, mabishano kuhusu ushairi wa jadi na ushairi huru yalionyesha jinsi ladha inavyoweza kuvaa joho la sheria. Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, zilizotolewa mwaka wa 1954, ziliwafaa wengi kwa kuwa zilieleza ufundi. Diwani ya Kezilahabi, Kichomi, ilipotoka mwaka wa 1974, baadhi ya wapinzani hawakusema kwamba hawakuipenda. Walisema kwamba hayo si mashairi. Kati ya kauli hizo mbili pana umbali mkubwa. Ya kwanza humwacha mtunzi aendelee na kazi yake. Ya pili humfukuza nyumbani.

Hatari kama hiyo iko katika taarabu. Msomi wa chuo kikuu aghalabu hupenda msamiati mgumu, tungo za kale na uimbaji wa utulivu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofunzwa kuvipenda. Kwa hivyo ni rahisi kwake kumwona Zein kuwa fasihi na Bhalo kuwa burudani tu. Akifanya hivyo, ataikusanya kanda ya mmoja na kuipita kanda ya mwingine, na maneno ya Ahmad Nassir yatasomwa darasani katika diwani huku yale aliyoyatungia sauti yakiachwa kuharibika ndani ya kaseti. Hasara hiyo haitarekebishwa na vizazi vijavyo vyenye ladha pana zaidi, kwa kuwa utepe ukishakufa haufufuki. Bhalo, Zein na Sheikh Nabhany walifariki katika muda wa miaka mitatu, kati ya 2014 na 2017. Na wanaokumbuka ni nani aliyesemwa katika wimbo gani wanazidi kupungua.

Kwa sababu hiyo, anayekusanya nyimbo hana budi kukusanya pia hukumu za wasikilizaji, za wanaopenda na za wasiopenda, kwa maneno yao wenyewe. Mama wa Mombasa anaposema kwamba sauti fulani imekaa au haikukaa, au kwamba maneno yamemchoma, au kwamba wimbo una ladha lakini hauna mtu ndani yake, anatumia istilahi za uhakiki ambazo hazimo bado katika kamusi za fasihi. Ujumi wa Kiswahili utaandikwa kwa istilahi kama hizo, nazo hupatikana mahali pale pale ambapo watu wawili wanabishana juu ya mwimbaji ambaye wote wawili wanakubali kuwa ni fundi.